Dola 900, miaka mitatu: mkataba wa rubani mpya Lubumbashi

Mkataba ulikuwa na kurasa sita, wote kwa Kifaransa, na mpwa wangu aliuleta Jumapili mchana tukiwa bado mezani. Dada yangu alisogeza bakuli la samaki ili karatasi zisiingie mchuzi. "Mujomba, njo huu," kijana akasema. "Banataka nisinye mbele ya Jumatano." Yaani wanataka aweke sahihi kabla ya Jumatano.

Sikuanza na mshahara. Kwa miaka saba nilipiga hesabu za mishahara katika kampuni moja ya ndege ndogo hapa Lubumbashi, kwa hiyo najua pa kuanzia. Nilifungua ukurasa wa nne, kwenye kipengele ambacho Wafaransa wanakiita dédit-formation: fedha utakazoirudishia kampuni ukiondoka kabla ya muda wake.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu vijana wenye leseni wanaonipigia simu wamekuwa wengi, na karibu wote wananiuliza wanalipwa ngapi. Hilo ni swali la tatu au la nne. Tarakimu za mkataba nimezigeuza kidogo ili kampuni isijulikane, ila uwiano wake nimeuacha ulivyo.

Kwanza kijana mwenyewe. Alisomea urubani Afrika Kusini, akapata leseni ya rubani wa biashara, akarudi na saa 214 kwenye kitabu chake cha saa. Fedha za shule zilitoka kwenye kiwanja cha babu yake kule Ruashi. Muzee alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa 2003 na 2004. Wengi fedha zile ziliwaishia mikononi kabla ya mwaka kwisha. Yeye alinunua kiwanja. Kiwanja kikauzwa, kikawa leseni, na leseni ikakaa kabatini miezi 19 bila kazi. Katika miezi hiyo kijana alilipia cheti cha afya kila mwaka, kwa sababu bila cheti hicho leseni ni karatasi tu, huku akimsaidia shangazi yake kuuza vocha na kukopesha kwenye kibanda chake Kamalondo. Jirani mmoja alikuwa akimwita "kapteni wa vocha." Alicheka naye, lakini nadhani ilimuuma.

Sasa kazi imepatikana. Rubani msaidizi kwenye LET 410, ndege ya viti 19 yenye injini mbili za rafadha, kwenda Kalemie, Manono, Kongolo na mara nyingine Kolwezi. Mshahara dola 900 kwa mwezi, na dola 10 juu yake kwa kila saa angani. Kampuni inampeleka nje kwa mafunzo ya aina hiyo ya ndege na ya simuleta, mashine inayoigiza urukaji, gharama dola 18,000. Naye anajifunga miaka mitatu. Akiondoka kabla, anarudisha dola 18,000 zote, hata kama umebaki mwezi mmoja. Na leseni yake halisi inakaa kwenye sanduku la chuma la kampuni.

Dada yangu aliposikia 900 alishika kichwa. Dereva wa lori la mgodi anamzidi, alisema. Ni kweli, wapo wanaomzidi. Kijana akanong'ona, akiangalia meza: "Mama, mi sina shida na mushahara. Mi nataka masaa."

Pale alikuwa ameona kitu ambacho watu wazima wawili walikuwa hawajakisema.

Jambo linalowachanganya watu wa nje ni kwamba katika mji huu huu kampuni zinalia hazina marubani, na marubani wamejaa majumbani. Yote mawili ni kweli. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 1, zinatoa leseni ya biashara kwa mtu mwenye saa 200, au 150 akiwa amesoma kozi moja iliyopangwa mfululizo. Leseni ya juu, ile inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa za marubani wawili, inataka saa 1,500. Katikati ya namba hizo mbili kuna bonde, na shule za urubani kila mwaka zinamwaga vijana ukingoni mwake. Kampuni hazina uhaba wa watu wa ukingo wa huku. Zina uhaba wa waliokwisha kuvuka.

Nakumbuka ndege moja ya kampuni yetu ililala Luano siku nne. Injini nzima, mafuta yamo, abiria wa Kalemie wamejipanga na mizigo yao. Rubani msaidizi alikuja kila asubuhi, shati limenyooshwa kwa pasi, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akarudi nyumbani saa nane. Kapteni wetu mmoja alikuwa mgonjwa; mwingine alikuwa ameondoka wiki iliyopita kwenda kurusha ndege za mashirika ya misaada. Niliandika mwenyewe hasara ya siku zile nne, na ilizidi mshahara wa rubani msaidizi wa mwaka mzima. Mkurugenzi alipoiona hakusema tupandishe mishahara ya makapteni. Alisema tuongeze miaka kwenye mikataba ya vijana.

Na wateja wakubwa wa huku, kampuni za madini, hawakodi ndege kwa bei tu. Wanapeleka wakaguzi, na wengi wanafuata BARS, kiwango cha usalama wa ndege cha taasisi ya Flight Safety Foundation, ambacho kilitungwa kwa ajili ya sekta yao na kina masharti kuhusu uzoefu wa waliokaa mbele. Kampuni za bima nazo zina masharti yao. Hivyo kapteni wa pili anayeondoka anaweza kuondoka na mteja mzima mfukoni.

Waliokwisha kuupitia mvutano huu mbele ya macho ya watu ni Wamarekani, na kisa chao kinafaa kusomwa polepole, maana kila mtu hukitaja kwa kipande anachokipenda.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark kwenda Buffalo, ilianguka juu ya nyumba. Walikufa watu 50. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, ulisema sababu ni kapteni kuvuta usukani pale ndege ilipoonya kwamba inapoteza nguvu ya kuelea, wakati alipaswa kuusukuma. Lakini kilichowashtua wananchi ni habari za rubani msaidizi. Alikuwa anaishi upande wa Seattle, na usiku ule wa kuamkia kazi aliusafiri wote kwenye ndege za kampuni nyingine ili afike kituoni, na mshahara wake ulikuwa chini ya dola 24,000 kwa mwaka. Ndivyo Marekani ilivyojua kwamba watu wanaowapeleka kwenye miji midogo wanalipwa kama wauza duka.

Bunge lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa ndege ya ratiba anatakiwa awe na saa 1,500. Waliotoka jeshini wanaruhusiwa kwa 750, na waliosoma shahada ya urubani chuoni kwa 1,000. Ajabu yake, marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wamezipita 1,500 zamani: kapteni alikuwa na 3,379, msaidizi 2,244. Sheria ilitibu mguu ambao haukuvunjika, lakini ilibadilisha soko zima. Wamarekani waliuhamisha mlango wa kuingilia kazini mpaka ng'ambo ya bonde.

Mtu angetarajia mishahara ipande siku ileile. Haikupanda. Miaka ile ya 2013 rubani mgeni kwenye kampuni za mikoa, zile zinazohudumia miji midogo, alikuwa bado analipwa dola ishirini na kitu kwa saa ya kuruka, na kwa saa 75 za mwezi hiyo ni kama dola 20,000 kwa mwaka. Kampuni zilianza kwa kupunguza safari. Republic Airways iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Februari 2016 na kutaja uhaba wa marubani. Great Lakes ilisimamisha ndege zake 2018. Mruko mkubwa wa mshahara ulikuja baada ya korona. Mashirika makubwa yalikuwa yamewalipa wazee wao wastaafu mapema, halafu abiria wakarudi ghafla, na mwaka 2022 yakaajiri marubani zaidi ya 12,000, wengi wakitoka kwenye kampuni za mikoa. Juni mwaka huo Piedmont na Envoy, ambazo ni mali ya American Airlines, zilitangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza. Agosti, Mesa ikapanda mpaka 100. Kwa saa 75 za mwezi, dola 90 ni 81,000 kwa mwaka. Mtu yuleyule, kiti kilekile.

Republic ilijaribu njia nyingine. Iliomba vijana wa chuo chake chenyewe wakubaliwe na saa 750. Septemba 2022 mamlaka ya anga ikakataa. SkyWest nayo, Machi ya mwaka ule, ilikuwa imetangaza kuiacha miji midogo 29 iliyokuwa ikiihudumia kwa ruzuku ya serikali.

Katika yote hayo mimi nachukua mambo mawili. La kwanza, bei ya mgeni ilipanda kwa sababu mlango wa mbele ulifunguka na aliye mbele yake akaondoka. Uzuri wa mgeni mwenyewe haukuongezeka hata chembe. Na fedha zilipomwagika, uhaba ulihamia kiti cha kushoto, cha kapteni: kufikia 2023 vijana walikuwa wamejaa, makapteni hawapo, kwa kuwa sheria inataka saa 1,000 za kazi ya shirika la ndege kabla mtu hajawa kapteni, na waliozifikisha walichukuliwa na wakubwa. La pili, nyuma ya dola 90 kulikuwa na mfuko. Kampuni ya mikoa kule haiuzi tiketi zake yenyewe. Shirika kubwa linailipa kwa kila safari, na bila safari zile za miji midogo mtandao wake unakatika.

Hapa kwetu mfuko huo haupo. Analipa abiria wa Manono, au mgodi. Na mlango wa mbele ni mwembamba: Air Congo, ya ubia kati ya serikali na Ethiopian, ilianza Desemba 2024 na Boeing 737 mbili; lipo shirika la CAA na mengine machache. Kapteni wa LET anayepata nafasi nje ya nchi anakwenda nje ya nchi. Ndiyo maana mahali ambapo Mmarekani aliweka dola, huku wameweka minyororo ya karatasi.

Nirudi mezani. Nilichukua bahasha ya bili ya umeme nikaandika nyuma yake, kijana akiangalia begani kwangu.

Kutoka 214 mpaka 1,500 zinahitajika saa 1,286. Akiruka saa 60 kwa mwezi, anafika ndani ya mwezi wa 22. Kipato chake ni dola 1,500 kwa mwezi, na mwisho wa miaka mitatu ana saa 2,374: kampuni imefaidi, naye amefaidi. Akiruka saa 25 kwa mwezi, anapata dola 1,150, na siku mkataba unapokwisha ana saa 1,114. Amemaliza miaka mitatu ya ujana wake na bado yuko bondeni. Mkataba ni mmoja, sahihi ni ileile. Na katika kurasa zote sita hapakuwa na neno moja linalosema atarushwa saa ngapi.

Hata 1,500 haitoshi peke yake, maana kuna mitihani ya nadharia na saa 100 za usiku. Viwanja vingi vya ndani huku havina taa, kwa hiyo saa za usiku zinakuja kwa matone. Lakini hilo tuliliacha kwa siku nyingine.

Mimi siamini kwamba kifungo cha mafunzo ni wizi. Niliwahi kuidhinisha malipo ya simuleta ya kijana aliyetuaga mwezi wa tano, na mkurugenzi alikuwa na haki ya kukasirika. Ninachokiona kibaya ni deni lisilopungua, na deni linalomfunga mtu wakati kampuni haijajifunga kumrusha. Mtu anayelipia mafunzo kwa jasho la miezi 35 hadaiwi sawa na aliyekimbia mwezi wa tano.

Jumatatu tulikwenda wawili. Dada yangu alitaka tuombe 1,200, nikamwomba aniachie. Mkuu wa wafanyakazi alitupokea pamoja na rubani mkuu, ambaye tunafahamiana tangu kazi yangu ya zamani. Alinitazama akacheka: "Wewe si ulikuwa upande wetu?"

Tuliomba mambo manne. Deni lipungue dola 500 kila mwezi wa kazi. Wamhakikishie wastani wa saa 45 kwa mwezi. Ndege ikisimama zaidi ya siku 60 kwa sababu isiyomhusu, kifungo kife. Na leseni abaki nayo mwenyewe, kwa kuwa rubani anatakiwa kuwa nayo anaporuka, na hilo rubani mkuu analijua kuliko mimi.

La leseni walilifuta palepale kwa kalamu, kwa aibu kidogo. La kupungua kwa deni mkuu wa wafanyakazi alilikubali bila kupumua, akavuta droo akatoa nakala nyingine ya mkataba ambayo tayari ilikuwa na kipengele hicho. Yaani mikataba ilikuwa miwili: wa anayeuliza na wa asiyeuliza. La siku wakasema 90. Kwenye saa ndipo tulipokaa mpaka chai ikapoa. Arobaini na tano walikataa kabisa, wakasema mvua, viwanja, vipuri. Wakatoa 35, iandikwe kwa mkono kwenye nyongeza, na mwezi ambao wastani wa miezi sita umeshuka chini yake deni lipungue mara mbili. Akasaini.

Usiku nilishtuka nikafanya hesabu tena. Saa 35 mara miezi 36 ni 1,260. Jumlisha 214. Zinakuja 1,474. Kwa kima cha chini tulichokipigania asubuhi nzima, kijana angemaliza miaka mitatu akiwa na upungufu wa saa 26. Sidhani walipanga. Lakini mimi mwenye kikokotoo nilipaswa kuliona pale pale mezani, na sikumwambia dada yangu.

Alianza kuruka Julai 2024. Miezi sita ya kwanza alipata wastani wa saa 52. Kisha likaja lililokuja: mwishoni mwa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa kwa sababu ya vita, na Februari Kavumu ya Bukavu ikafuata. Makapteni wawili waliokuwa wakirusha kule walishuka Lubumbashi kutafuta kazi, na kampuni ikawachukua wote kwa mshahara ambao mwaka mmoja nyuma ungekuwa matusi. Viti vya kushoto vikajaa, ndege zikaacha kulala, na saa za mpwa wangu zikapanda mpaka wastani wa 61. Ananiambia mmoja wao ndiye mwalimu bora aliyewahi kukaa naye, na kwamba mtu huyo kila wakitua huwasha simu kwanza kabla ya kuvua mkanda, kuuliza habari za nyumbani.

Kufikia mwisho wa Desemba 2025 kitabu chake kilikuwa na saa 1,258. Amefanya miezi 18, deni limebaki dola 9,000. Januari akapigiwa simu na kampuni nyingine ya hapahapa: dola 1,900 kwa mwezi, na hizo 9,000 wanazilipa wao.

Hapa mtu wa Lubumbashi anaelewa upesi, kwa sababu amezoea kusikia habari za wachezaji wa TP Mazembe. Kifungo kimegeuka bei ya uhamisho. Aliyekuja anajua kwamba kumfundisha mgeni ni dola 18,000 na miezi ya kungoja, halafu bado atakuwa mtu wa saa mia tatu. Kwa nusu ya fedha hizo anapata aliyeiva robo tatu. Ila 9,000 hawazilipi bure: wanaziandika upya kama deni lake kwao, miaka miwili, na kwa mujibu wa rasimu waliyomtumia, halipungui.

Kampuni yake imesikia, maana mji huu hauna siri. Wamempa ahadi ya mdomo ya 1,200 na kiti cha kushoto "wakati ukifika." Nilimwambia ahadi ya mdomo aisikilize kwa heshima na aiache hapo hapo mlangoni.

Zimebaki saa 242. Kwa mwendo wa sasa ni miezi minne, na ikipita deni litakuwa 7,000. Dada yangu, ambaye safari hii amesoma karatasi zote mwenyewe, anaona 1,900 ni 1,900. Sikubishana naye. Kijana aliwajibu wale wa pili kwa ujumbe wa simu, mstari mmoja, na alinionyesha kabla ya kuutuma: anaomba kujua marubani wao wasaidizi waliruka saa ngapi kila mmoja mwezi uliopita.

Ni wiki ya pili sasa. Wamesoma ujumbe, alama mbili za buluu zinaonekana. Hawajajibu.